Mhubiri asiyewekewa mikono



Huku kwetu Lubondja tunalima pamoja, tunatoa likelemba pamoja, na mmoja akifiwa wote tunabeba kuni na maji. Lakini ukifika wakati wa kufungua maombi, tunaanza kutazamana. Huyu ni Mpentekoste, huyu Mmetodisti, yule Mkatoliki. Nani asali? Na kama mchungaji hayupo?

Juma hili tuwasimulie habari za William Nagenda wa Uganda. Alizaliwa mwaka wa 1912, akawa karani wa serikali kule Entebbe, kazi ambayo wengi waliitamani. Aliokoka mwaka wa 1936 kwa msaada wa Simeon Nsibambi, ambaye naye hakuwa mchungaji. Huyo Nsibambi alikuwa mtumishi wa idara ya afya. Mwezi wa tisa 1929, pale Namirembe, alikaa siku mbili na daktari Mwingereza, Joe Church, wakisoma Biblia na kuomba. Daktari alikuwa amechoka na kuvunjika moyo kwa kazi ya hospitali ya Gahini, Rwanda. Basi, mlei ndiye aliyemtia nguvu.

Nagenda akaacha ukarani, akaenda Gahini kuhubiri pamoja na mke wake Sala, ndugu ya mke wa Nsibambi. (Habari za Sala zimeandikwa kidogo mno. Wamama mnajua kwa nini.) Mwaka wa 1940 akaingia chuo cha Mukono ili awe mchungaji. Yeye na wenzake waliamka usiku wa manane kuomba, na walikemea dhambi waliyoiona chuoni. Wakubwa wakakataza mikutano ya alfajiri, wao wakaendelea. Mwaka wa 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa, Nagenda akiwa mmoja wao. Mlango wa uchungaji ukafungwa.

Angeweza kuanzisha kanisa lake. Watu wa kumfuata alikuwa nao. Alibaki Mwanglikana, akaendelea kuhubiri popote alipoitwa: Afrika ya Mashariki, Uingereza, hata India. Uamsho ule uliingia kwa Walutheri wa Bukoba, Wamenoniti wa Musoma, Wapresbiteri na Wametodisti wa Kenya. Jumapili kila mtu alikwenda kanisani kwake. Siku za katikati ya juma walikutana pamoja kama ndugu, wakisoma Neno na kuungama. Aliyeiba alirudisha. Waliokosana walitafutana.

Haikuwa tamu siku zote. Wengine waliwaona kuwa na kiburi, tena kuungama mbele ya watu wote kuliumiza majirani ambao hawakuomba kutajwa. Hapo sisi wamama tuwe waangalifu: yapo mambo ya nyumba ambayo yanatosha kwa rafiki mmoja anayejua kufunga mdomo. Lakini ile desturi ya kukutana katikati ya juma bila kuulizana kadi ya ubatizo, hiyo tunaweza kuianza hata Jumatano ijayo, chini ya mwembe.

Miaka ya mwisho Nagenda alishikwa na ugonjwa mrefu uliomnyang'anya nguvu na safari. Alifariki mwaka wa 1973, akiwa bado mlei.