Kasi ya Jedwali na Kasi ya Vita

Swali hili hunijia tena na tena, kwa barua na kwa mdomo, kutoka kwa watu wenye akili zao timamu: katika ndege za kivita za mwisho zilizoendeshwa kwa injini ya pistoni, kabla jeti hazijatamalaki anga, ipi ilikuwa bora kuliko zote? Na kabla sijafungua kinywa, muulizaji huwa amekwisha kujijibu, maana mkononi ana jedwali la kasi, na kwa itikadi yake iliyo juu ya jedwali ndiyo bingwa. Hiyo ni ghalati, nami nimechoka kuiona ikirithishwa kana kwamba ni elimu.

Kasi iandikwayo katika jedwali ni kasi ya mahali pamoja tu angani. P-51H ya Marekani ilifikia kilomita 784 kwa saa, lakini kwenye futi 25,000. Sea Fury ya Uingereza ilifikia 740, lakini kwenye futi 18,000. Na P-47N haikutoa kilomita zake 750 ila baada ya kupita futi 32,000. Injini hula hewa pamoja na mafuta, na kadiri ndege ipandavyo ndivyo hewa inavyopungua. Kwa hiyo wahandisi waliitilia mashine ya kuishindilia hewa silindani, na kila mashine ya namna hiyo ina kimo chake, ambacho ukikivuka pumzi hukatika. Katika P-47 moshi wa injini ulipitishwa kwa mabomba hadi nyuma ya kiti cha rubani, ukazungusha tabo iliyofichwa tumboni mwa ndege, kisha hewa iliyoshindiliwa ikarudishwa mbele kwenye injini; na shehena yote hiyo ya mabomba, iliyokuwa na thamani kubwa kule juu, kwenye futi 2,000 ilimfaa rubani kidogo mno kulinganisha na uzito wake. Alinganishaye kasi hizo tatu bila kutaja kimo analinganisha nambari, hajalinganisha ndege.

Waliokuwa na vita mikononi walilijua hilo. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, na jeti zilizoruka kutoka Japani zikawa hazina mafuta ya kukaa juu ya medani ila kwa muda mfupi, Marekani ilikusanya Mustang, yaani P-51, 145 ikazivusha Pasifiki juu ya meli ya kubebea ndege iitwayo Boxer. Na zilizopelekwa vitani zilikuwa za aina ya D, wala si H iliyo juu ya jedwali. Kazi yao ikawa kupiga shabaha za ardhini, na hapo ila yao ikadhihiri, kwani injini ya Mustang hupozwa kwa maji yapitayo kwenye rejeta iliyo chini ya tumbo, na risasi moja ya askari aliye handakini ikiitoboa, maji humwagika na injini hukwama rubani angali mbali na kwao. Injini ya Corsair, ndege nyingine ya Marekani, yenye silinda 18 zilizopangwa duara na kupozwa kwa upepo, iliweza kuharibiwa silinda na bado ikamrudisha mtu wake. Fauka ya hayo, kikosi cha Marines kiliundiwa Corsair iitwayo AU-1, ambayo kiwanda kiliinyima kwa makusudi mashine ya hewa ya kimo kirefu, kikaiongezea bamba za chuma na kuvisogeza ndani vipozea oili ili risasi zisivipate kwa urahisi. Ikawa nzito, ikawa ya polepole, na kwa kazi ile ikawa bora kuliko nduguze waliokuwa na kasi.

Kuna wanaoniletea burhani ya mapigano yenyewe. Tarehe 17 Julai 1969, katika vita vya Honduras na El Salvador, Kapteni Fernando Soto wa Honduras, akirusha Corsair, alidungua Mustang. Basi, wanasema, Corsair ni bora. Hawasemi kwamba Mustang ile ilikuwa ikimfukuza mwenziwe Soto, ambaye bunduki zake zilikuwa zimekwama, wala kwamba siku hiyohiyo Soto alidungua ndege mbili zaidi, na zote mbili zilikuwa Corsair. Wengine hutaja jeti ya MiG-15 iliyoangushwa na Sea Fury huko Korea tarehe 9 Agosti 1952, wakanyamazia Septemba yake, pale Kapteni Jesse Folmar alipoangusha MiG kwa Corsair na papo hapo MiG nyingine ikamwangusha yeye baharini.

Kwa mwenye haraka, basi: kusindikiza ndege za mabomu safari ndefu na ya juu, P-51 au P-47N; kupiga ardhini chini ya risasi, Corsair, na hasa AU-1; usiku, Corsair F4U-5N yenye rada; kupigana angani na kubeba mabomu kutoka melini, Sea Fury; kuruka kwa ghafula kuilinda meli, Bearcat, ambayo mwaka 1946 ilifika futi 10,000 kwa sekunde 94, na ambayo Wafaransa waliishia kuitumia Indochina kubeba mabomu, kazi isiyohitaji hata chembe ya wepesi huo.

Atakayeniandikia tena na anitajie kwanza kazi, kimo na uzito wa shehena. Bila hayo matatu sitamtajia ndege.