Kilio cha mtoto wa jirani na wajibu wa aliyekisikia

Hakuna mtaa usio na nyumba inayozungumzwa kwa kunong'ona. Ndani yake yumo mtoto aliyeletwa kutoka kijijini ili asome kwa ami yake au shangazi yake, na huu ni mwaka wa pili hajavaa sare ya shule. Alfajiri yuko jikoni akichoma vitumbua vya biashara. Usiku kilio chake huvuka ukuta. Majirani huulizana, "Leo kafanya nini tena?" Kisha kila mmoja hufunga mlango wake, akijifariji kwamba ya nyumba ya mtu hayaingiliwi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, haikuliacha jambo hili kwenye hiari ya mtu. Kifungu cha 95 kinamwajibisha kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mlezi mwenye uwezo anamnyima mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu, kuifikisha taarifa hiyo kwenye serikali ya mtaa wake. Zanzibar nayo ina Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011.

Je, baada ya taarifa hufuata nini? Wengi hudhani kwamba polisi watavamia nyumba na mtoto atachukuliwa moja kwa moja. Hofu hiyo imefunga vinywa vingi. Utaratibu wenyewe ni wa hatua. Penye kutelekezwa, Afisa Ustawi wa Jamii humwita mlezi, huzungumza naye, na uamuzi hufikiwa kwa kutazama maslahi ya mtoto. Mlezi akikaidi, shauri hupelekwa mahakamani, naye aweza kuamriwa kuweka ahadi ya maandishi kwamba atamtunza mtoto ipasavyo. Penye dalili za ukatili, afisa huyo akifuatana na askari polisi aweza kuingia na kuikagua nyumba. Ikidhihiri kwamba mtoto yumo hatarini, hupelekwa mahali pa usalama kwa muda usiozidi siku 7, na kabla ya siku hizo kwisha shauri lake hufikishwa mahakamani. Kumtenga na familia kwa muda mrefu zaidi huhitaji amri ya mahakama.

Kumjeruhi mtoto au kumwingilia ni jinai, na mahali pake ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Wazee hukutana, fidia hutolewa, jina la ukoo husitiriwa, na mtoto hurejeshwa kulala chini ya dari moja na aliyemdhuru. Sitara tuliyofundishwa haikuwekwa ili imfiche dhalimu anayeendelea kudhulumu. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inawataka waumini wasimamie uadilifu hata pale unapowagusa wazazi na jamaa zao.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionesha kwamba takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao hawakumweleza mtu yeyote, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

Ni kweli kwamba maafisa ustawi ni wachache, na taarifa moja yaweza kulala mezani. Kwa hiyo mtoa taarifa na afuatilie. Aandike tarehe, aliyoyaona na jina la ofisa aliyempokea. Akiona kimya, apande ngazi hadi ofisi ya kata na halmashauri. Namba 116 hupigwa bila malipo, Bara na Visiwani. Mtoto aliyeingiliwa apelekwe hospitali mara moja, bila kuogeshwa wala nguo zake kufuliwa, kwa kuwa ushahidi huondoka na maji.

Mtoto yule wa vitumbua hana simu wala nauli, na ofisi ya mtaa haijui iliko. Aliyemleta mjini ndiye anayemtesa. Serikali haitabisha hodi katika nyumba ile mpaka aliyekisikia kilio aende kusema.