Sauti Nzito Yapotelea Wapi?

Watu wengi wenye spika nyumbani hulalamika hivi: “Sauti nyembamba twaisikia vizuri, lakini ile nzito haipo.” Ndipo baba wa nyumba aanzapo kuhesabu fedha za kununulia spika kubwa zaidi. Twamshauri angoje kidogo. Fedha hizo zingeweza kulipia shule ya mtoto, na mara nyingi sauti anayoitafuta anayo tayari, ila yapotelea humo humo chumbani.

Tutoe mfano wa karibu. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gita mashuhuri, alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, kaskazini-mashariki ya Mulungwishi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji ambao tangu mwaka 1966 huitwa Likasi, akazinasa nyimbo zake, mojawapo ikiwa “Masanga”. Mwenda alipiga kwa vidole viwili: kidole gumba kilishika nyuzi nene, na kidole cha shahada kilicheza juu ya zile nyembamba. Asiyekisikia kidole gumba amesikia nusu tu ya kazi yake.

Uzi mnene kabisa wa gita hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Ule wa gita la besi, mara 41. Sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi moja la sauti ya mitetemo 41 lina urefu uzidio mita nane, yaani mara mbili ya chumba cha mita nne. Wimbi hilo hugonga ukuta, hurudi, na kukutana na jingine lijalo. Mahali fulani huongezeana nguvu. Mahali pengine hufutana. Hii ndiyo siri yote, nayo yatuonyesha mambo manne ya kufanya.

La kwanza, tazameni nyaya. Kila spika ina nyaya mbili, zenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, ama rangi nyekundu na nyeusi. Mkiwa na spika mbili, na moja imefungwa kinyume, kiwambo chake huvuta hewa wakati mwenzake anaisukuma, na sauti nzito hufa. Zimeni mashine, geuzeni nyaya za spika moja tu, kisha washeni tena. Sauti nzito ikirudi, ziacheni hivyo. Ikipungua, zirudisheni zilivyokuwa.

La pili, tazameni sanduku. Spika isiyo na sanduku husukuma hewa mbele na kuivuta nyuma. Hewa huzunguka ukingoni, na sauti nzito haitoki. Itieni katika sanduku la mbao nene, na nyufa zake mzizibe kwa gundi. Lakini sanduku lililotoka kiwandani na tundu lake, msilizibe tundu hilo: limepimwa ili kuisaidia sauti nzito.

La tatu, tafuteni mahali pa spika. Karibu na ukuta sauti nzito huongezeka, na katika pembe ya chumba huongezeka zaidi. Ikianza kuvuma kama pipa hata maneno ya wimbo yasitambulike, isogezeni mbele shubiri moja moja. Tena iko njia rahisi: wekeni spika juu ya kiti mnachokalia, pigeni wimbo wenye besi, kisha mmoja wenu apite polepole kandokando ya kuta, kichwa ameinamisha. Mahali aisikiapo sauti nzito vizuri, ndipo spika ikae.

La nne, ondoeni kiti katikati. Katika chumba cha mita nne, sauti ya mitetemo kama 42 hudhoofika sana katikati, na hupata nguvu karibu na kuta. Kukisogeza kiti hatua moja nyuma hakugharimu hata faranga moja. Na msitegemee mapazia wala mikeka kuipunguza sauti nzito ikizidi: vitu hivyo hunyonya sauti nyembamba, bali ile nzito hupita.

Hupita hata ukutani. Mabati ya paa hutetemeka, nayo nyumba ya pili hulia pamoja na yenu, ambamo pengine mna mgonjwa, au mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Spika iliyowekwa mahali pake husikika vizuri kwa sauti ya chini, hivyo nyumba yenu yapata muziki na jirani apata usingizi.

Basi, kabla ya kwenda sokoni Likasi, jaribuni mambo haya manne jioni moja, pamoja na watoto, maana masikio yao ni makali kuliko yetu. Pigeni wimbo mmoja wa gita, mkisikilize kidole gumba. Kikisikika waziwazi, zile fedha zirudisheni katika mfuko wa shule.