Kabla Hujaenda River Road Kununua Dawa

Kila kiangazi, Januari na Februari, mkulima wa sukuma wiki wa Kabete au Dagoretti hupanda matatu hadi mjini Nairobi, akaingia agroveti ya River Road na kusema, "Nipe dawa ya wadudu." Wadudu gani? Wangapi? Mara nyingi hajui, na hasara huanzia hapo.

Sisi tunaokagua wadudu mashambani huhesabu kwanza. Pita shambani asubuhi kwa zigizaga, ufike pembeni na katikati. Simama kwenye mashina 20, usichague yaliyodhoofika pekee. Geuza majani, kwani wengi hujificha chini yake. Ukiona kiwavi mdogo wa kijani, mguse: akijinyonganyonga kinyumenyume kisha akaning'inia kwa uzi, huyo ni mtoto wa nondo wa kabichi. Vidukari utawakuta wamerundikana kama unga wa kijivu. Kiangazi ndio msimu wao. Hakuna mvua ya kuwaosha, na majike huzaa bila dume.

Sasa tazama tena palepale, maana wengi hukosea hapa. Kidukari aliyevimba, akakauka na kuwa wa rangi ya kahawia si mgonjwa tu. Ndani yake mmekua nyigu mdogo. Kile kidudu cheusi chenye miba, mithili ya mamba mdogo, ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa madoadoa, na chakula chake ni vidukari. Hao ni marafiki wako, nao wahesabu.

Nondo wa kabichi ana nyigu wake pia. Mwaka 2002, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao Kasarani, kiliachilia huko Taita nyigu aitwaye Diadegma semiclausum, aliyetolewa Taiwan. Hutaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wake humla kiwavi huyo kutoka ndani. Dawa kali inayoua kila kitu humuua nyigu huyu kwanza, huku nondo akiizoea: mwaka 1953, kule Java, alikuwa tayari ameizoea dawa ya DDT. Mkulima akiongeza kipimo, anamlea adui yake. Nimeona mashamba mengi yaliyoharibiwa hivyo, na inaniuma.

Rudia hesabu kila juma katika daftari lilelile. Viwavi wakizidi na marafiki wakipungua, basi nunua dawa, lakini uliza ile ya bakteria ya Bt, inayoua viwavi na kuwaacha nyigu. Haiui vidukari. Kwa dawa yoyote, soma kwenye kibandiko siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Sukuma huchumwa mara kwa mara, na jani lililopuliziwa jana laweza kuwa kwenye sufuria ya mtu Kangemi leo jioni.

Ukienda River Road, nenda na daftari lako.