Skaneri si kazi ya mtu mmoja

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba,

Jiwe linapomwangukia mtu shimoni, au pikipiki inapomtupa barabarani, jamaa hufika dispanseri na neno moja: «Atumwe apitishwe skaneri!» Uchungu wenu tunauelewa. Lakini Lulimba hatuna skaneri. Kumtuma mgonjwa mpaka mji mkubwa ni safari ndefu, ni pesa nyingi, tena ni miale. Basi inafaa ujue mashine hiyo ni nini, na wewe una kazi gani ndani yake.

SKANERI NI NINI?

Ni mashine ya radio inayozunguka mwili na kuupiga picha kutoka kila upande. Kompyuta huziunga picha hizo, na munganga huona ndani ya mwili kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeitengeneza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa huko London mwaka 1971. Damu inayovuja ndani ya fuvu, ambayo radio ya kawaida haiioni, skaneri huionyesha kwa dakika chache. Imeokoa watu wengi.

MIALE YAKE

Kila mtu hupata miale ya asili kutoka ardhini, katika mawe, hewani na angani. Kwa wastani wa dunia ni milisivati 2,4 kwa mwaka. Radio moja ya kifua haizidi sana 0,1. Skaneri ya kichwa ni karibu 2, na ya tumbo hufika 8 au 10. Miale hii huongeza kidogo hatari ya kansa miaka mingi baadaye, na watoto ndio wanaodhurika upesi zaidi. Kwa mtu aliyeumia kichwa vibaya, faida hushinda hatari hiyo kwa mbali. Kwa mtu asiye na dalili mbaya, ni kujitwisha mzigo bure.

NANI ANAMLINDA MGONJWA?

Mwuguzi wa dispanseri huandika saa ya ajali, kama mgonjwa alizimia, na ametapika mara ngapi. Munganga hufikiri kama ekografia, isiyo na miale hii, inatosha; kama haitoshi, huandika sehemu gani ipigwe na kwa sababu gani. Fundi wa radio huhakikisha jina na hupanga kiasi cha miale kufuatana na mwili, kwa maana mtoto hapigwi kwa kiasi cha mtu mzima. Mwingine hupima mashine yenyewe. Mmoja akinyamaza, wote wamepotea.

Tazama yaliyotokea Marekani, katika hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles. Mwaka 2008 mpango wa mashine ulibadilishwa, ukadhaniwa kuwa sawa. Kwa miezi 18 wagonjwa zaidi ya 200 walipigwa picha za ubongo kwa miale karibu mara 8 ya kiasi kilichotakiwa. Mambo yalijulikana mwaka 2009, mgonjwa mmoja aliposema kwamba nywele zake zinanyonyoka. Wataalamu walikuwa wengi, lakini sauti ya mgonjwa ndiyo iliyofungua macho.

KAZI YAKO WEWE

1. Sema ukweli wa ajali: ulianguka kutoka juu kiasi gani, ulikunywa pombe au hapana. Hatuulizi ili tukuadhibu.

2. Tunza filmu na karatasi zako zote pakavu, uzibebe unapotumwa. Wengine hupigwa mara ya pili kwa sababu filmu zimebaki nyumbani.

3. Mama, ukiwa na mimba, au hata ukishuku tu, sema kabla ya kuingia.

4. Sema kama una ugonjwa wa figo au wa sukari, au kama dawa fulani iliwahi kukuvimbisha. Mara nyingine hupigwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha, na dawa hiyo haifai kwa kila mtu.

5. Ndani ya mashine, tulia. Picha iliyotikisika hurudiwa.

6. Uliza bila haya: «Picha hii itabadili matibabu yangu?»

Munganga akisema huna haja ya skaneri, usiuze mbuzi ili uitafute kwa siri mjini. Lakini naye hawezi kuona yanayotokea usiku nyumbani kwako. Hapo mlinzi ni mke, mume au jirani. Mtu aliyegongwa kichwa akitapika tena na tena, akilala usingizi usioamshika, akishikwa na degedege, mkono au mguu ukilegea, au damu na maji yakitoka puani au sikioni, msiseme «mwacheni apumzike». Mleteni saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwuguzi, munganga, fundi na jamaa, kila mmoja aseme anachokijua. Nawe unaposhuka shimoni kesho, vaa kaske yako na uifunge vizuri. Kichwa kisichopasuka hakihitaji skaneri.