Baiskeli Bila Mzigo

Wikiendi Vigwaza siku hizi haianzi na bia, inaanza na pampu. Saa 11 alfajiri masela washajipanga pembeni ya Morogoro Road, taa nyekundu zinakonyeza nyuma ya siti, laikra zimebana mpaka madeni yanaonekana. Abiria wa basi la kwanza la mkoani wanachungulia dirishani wanadhani filamu ya Marvel imekwama mizani.

Sasa waulize madingi. Dingi akiona baiskeli haina keria, uso unajikunja hapo hapo. Mnaenda wapi? Kwala. Kufuata nini? Hamna, tunaenda na kurudi. Kimya. Kwenye kitabu cha dingi baiskeli ina kazi tatu tu: kubeba mkaa, kubeba maziwa ya Chamakweza, kumwahisha bimkubwa kliniki. Baiskeli bila mzigo ni dalili ya malaria. Enzi zake akiwa na Swala ya NABICO au Foniksi ya Mchina alihesabika mtu mwenye maendeleo. Leo mtoto wake ana ajira, ana simu ya macho matatu, halafu anatoka jasho kwa hiari yake. Msamehe bure dingi. Huyu ndiye aliyesema bando la intaneti ni upepo.

Kwa nini msimu huu ndio mzuka umepanda? Vuli, baba. Kipupwe chote, Juni mpaka Agosti, kusi lilikuwa linatupiga makofi ya uso. Kuanzia Oktoba kusi limechoka, kaskazi bado halijaamka, katikati hapo njia inatulia kinoma. Kimvua kinapita, vumbi linakaa chini, embe zinaanza kuiva, manyasi ya Ranchi ya Ruvu yanarudi kijani na picha zinatoka bila filta. Dirisha ni dogo lakini. Ikigonga saa 4 asubuhi jua halina undugu na mtu. Ukiamka saa 2 ukasema unakuja, baki tu, tutakutumia video.

Halafu kuna mizani. Huwezi kuwa wa Vigwaza bila jokisi za mizani. Kisheria gari la kuanzia tani 3.5 lazima liingie lipimwe, na lori hata liwe na ekseli ngapi mwisho wake ni tani 56. Malori ya Zambia, Kongo, Rwanda, yote yananyoosha foleni kwa adabu. Sisi tunapita pembeni kama waheshimiwa. Isipokuwa yule mwana aliyepiga biriani mbili kwenye harusi ya Jumamosi. Huyo kila Jumapili anaelekezwa kwa mkono: kaka, ingia kushoto, ekseli ya nyuma imezidi. Anacheka kwa uchungu. Wiki ijayo harusi nyingine.

Tukishavuka hapo hatubaki kwenye barabara kuu, hatujachoka kuishi. Mabasi yanashindana, gari za IT, zile za transiti, zinakimbilia mpakani, bega la barabara jembamba. Tunakata kwenda Kwala. Hiyo ndiyo njia yetu, kilomita 15 na ushee za zege tupu, iliyomwagwa kwa ajili ya bandari kavu ambayo Rais Samia aliizindua Julai 31, 2025. Serikali ilijenga kwa ajili ya makontena, masela wakapata uwanja wa mazoezi. Zege haina mashimo ila ina maungio, kila baada ya hatua chache tak, tak, tak, mpaka makalio yanajifunza kuhesabu. Malori yapo, usijitoe ufahamu. Mstari mmoja, taa zinawaka, hakuna kuendesha wawili wawili mkipiga umbea.

Kule mwisho SGR inapita. Treni ya umeme, 160 kwa saa. Wewe umekaza meno unagusa 32, unajiona bingwa wa baiskeli Pogačar, mara kitu kinapita vuuup na watu ndani wanakunywa soda. Inashusha heshima ile treni. Na kutoka Dar mpaka stesheni ya Ruvu nauli iliyotangazwa 2024 ilikuwa buku tano. Buku tano! Kuna bishoo mmoja pakti moja ya jeli yake ya nguvu inakula hela hiyo hiyo.

Tuongee mkwanja sasa, maana hapa ndipo watu wanapigwa. Baiskeli za levo ya Tour de France zinavuka dola 10,000, yaani milioni 24 na zaidi. Kwa hela hiyo unanunua bodaboda zaidi ya tano, unawapa vijana, unakaa nyumbani unapokea hesabu ya jioni. Mjini wapo wanaokuja na kaboni kali, wanaishusha kwenye Land Cruiser pale Mlandizi, wanavaa miwani ya rangi ya petroli, wanapiga picha kumi, wanaendesha kilomita nane. Hatuwachukii. Wanalipa supu. Ila ukweli wa mtaa ni kwamba mtumba wa Japani kutoka Kariakoo, ukijua kubishana, ukampa fundi wa hapa aweke sawa cheni na breki, unakufikisha kule kule. Sista mmoja anayemsaidia maza wake kwenye genge la chai ana mtumba wenye kikapu mbele. Kikapu! Na anatuacha. Kwenye kimlima cha kurudi barabara kuu unakiona kile kikapu kinapungua, kinapungua, kimepotea. Akifika anatungoja anakula karanga.

Kununua lazima ununue helmeti, taa ya nyuma na tyubu ya akiba. Vingine vyote ni swaga. Tyubu nasisitiza, kwa sababu adui wa huku si lori, ni mbigiri. Mbigiri haijui bei ya tairi lako. Inaingia kwenye kaboni ya milioni ishirini na Foniksi ya muuza mkaa kwa haki sawa kabisa. Tofauti ni kwamba muuza mkaa ana kiraka, ana solushen, dakika kumi kashaondoka na magunia yake mawili. Bishoo anatafuta mtandao ampigie dereva.

Nikugee na listi ya aibu? Namba moja, viatu vya kunasa kwenye pedeli. Vinanasa vizuri, kunasua ndiyo shughuli. Mtu anasimama taratibu, anatabasamu, mguu hautoki, anadondoka. Spidi sifuri. Mbele ya wauza mahindi wote. Nyingine ni kuvaa chupi ndani ya bukta ya laikra, sifafanui, nenda kilomita 40 utajua mwenyewe. Lakini aibu kubwa kuliko zote ni kuwa kupe. Kupe ni yule anayejificha nyuma yako njia nzima, anakula kivuli chako, kisayansi anaokoa karibu theluthi ya nguvu zake, halafu mkibakiza mita mia mbili anachomoka kama yeye ndiye kafanya kazi. Halafu anaposti. Kupe hanyimwi lifti, ila supu anajinunulia.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika, na kijiwe chetu kilihamia kwenye skrini ya kinyozi. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za milima ya Rwanda. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30. Thelathini! Mabingwa wenye waganga, wenye wapishi, walishuka njiani wenyewe. Pogačar akabeba, ingawa wiki hiyo hiyo kwenye mbio za kushindana na saa Remco Evenepoel, aliyeanza nyuma yake dakika mbili na nusu, alimfikia akampita laivu. Dingi aliangalia nusu saa akauliza wamebeba nini. Ukimtajia Biniam Girmay, Mweritrea aliyebeba hatua tatu na jezi ya kijani Tour de France ya 2024, anauliza Eritrea wana mkaa?

Mara moja msimu ukiwa umenoga tunapiga safari ndefu: Vigwaza, Chalinze, Msata, halafu lami ya kilomita 64 kushuka Bagamoyo. Hapo katikati kuna Kiwangwa, mji wa mananasi, na kuelekea Desemba yanamwagika barabarani mpaka bei inaona haya. Nanasi la Kiwangwa likikatwa pembeni ya lami, juisi inachuruzika mpaka kwenye glavu, hakuna jeli ya dukani inasogea. Pakia na kashata mfukoni, za mia mbili mbili. Wazungu wana mabaa ya nishati, sisi bibi zetu walishamaliza hilo somo na nazi na sukari. Sawa, hapo wazee nawapa pointi moja. Moja tu.

Kufika Bagamoyo ndiyo pozi lenyewe. Mara nyingi Oktoba au Novemba unalikuta Tamasha la TaSUBa, ngoma zinalia, mademu wamejipara, wasanii wamepiga kanga na shanga. Na nyie mnaingia na laikra yenye ramani ya chumvi mgongoni, mnatembea mapaja wazi wazi. Usijaribu kutongoza. Nenda magofu ya Kaole au ufukweni, kunywa madafu mawili, panda Noah na baiskeli yako juu ya keria. Hakuna anayerudi kwa pedeli, na anayekwambia alirudi kwa pedeli muombe ushahidi.

Jumapili hii ni Kwala ya kawaida. Saa 11, ng'ambo ya mizani. Wa mwisho kurudi anapiga supu na chapati za watu wote, kupe hahesabiwi. Pampu njoo na yako. Ile ya kijiwe aliiazima mtu wa Dar, na simu yake haiiti.