Hesabu Iliyomo Ndani ya Ushanga wa Karatasi

Chukua karatasi ya kawaida ya ofisini, ukate pembetatu ndefu yenye kitako cha sentimita 2 na urefu wa karibu sentimita 30. Iviringishe kwenye kijiti chembamba kuanzia kitakoni, ukiibana kwa vidole ili ncha isiyumbe, kisha ubandike ncha hiyo kwa tone la gundi. Chomoa kijiti: umepata ushanga. Hivi ndivyo wanawake wengi wa Kampala wanavyojipatia riziki, hasa mtaa wa Acholi Quarter kule Kireka, walikokimbilia watu wa kaskazini mwa Uganda wakati wa vita vya huko. Wageni wakiziona shanga hizi husifu jinsi taka zilivyopata matumizi. Sifa hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, kwani inaficha ubunifu wenyewe.

Hebu tuukague ushanga huo. Karatasi ina unene wa takriban milimita 0.1. Ukiiviringisha kwenye kijiti cha milimita 2, tumbo la ushanga linafika kama milimita 6.5. Sasa rudufu urefu wa pembetatu uwe sentimita 60. Wengi hudhani ushanga nao utanenepa mara mbili, kumbe unafika milimita 9 tu, kwa sababu kila mzunguko mpya unakula karatasi nyingi kuliko uliotangulia. Kuna jambo jingine linalonifurahisha zaidi. Pembetatu imekatwa kwa mistari iliyonyooka, lakini ushanga unatoka na ubavu uliobinuka, wa mviringo. Nusu ya njia kutoka katikati hadi ukingoni, unene bado ni kama milimita 4.8, si 4.2 kama mtu angetarajia. Umbo hilo zuri linatokana na karatasi kujilalia yenyewe. Mkono kazi yake ni kubana tu. Ukisogeza ncha upande mmoja unapata umbo la pia. Ukikata utepe wenye upana uleule kote unapata bomba. Hata rangi inapangwa kabla ya kuviringisha: kwa kiasi kikubwa kinachoonekana mwishoni ni kingo za pembetatu, kwa hiyo picha yote ya katikati ya ukurasa inazama ndani isionekane tena.

Hakuna anayeyajua haya bila kucheza na karatasi kwa muda mrefu pasipo kuwaza mauzo. Ndiyo maana jina la msanii Sanaa Gateja halikosekani katika habari hii. Alizaliwa Kisoro mwaka 1950, akafanya biashara ya sanaa Mombasa, akasomea ubunifu Italia na usonara London. Kuviringisha karatasi kulikuwapo kwingine duniani kabla yake, lakini yeye aliiendea karatasi kwa jicho la sonara: umbo, uzito, mpangilio, namna ushanga mmoja unavyoketi kando ya mwenzake. Amewafundisha watu wengi ufundi huo, hata akaitwa Mfalme wa Shanga, na huku akaendelea na kazi zake binafsi ambazo hakuna mteja aliyeziagiza. Anashona maelfu ya shanga juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho Waganda wanakitengeneza kwa kuponda gome kwa nyundo za mbao, na ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005. Karatasi na gome, vyote viwili vimetoka mtini. Mwaka 2022 kazi zake zilikuwa Pittsburgh, Marekani, kwenye maonyesho ya Carnegie International.

Nasisitiza hizo kazi zisizo na mteja. Shanga za karatasi zilipopata soko la nje, hasa baada ya shirika la BeadforLife kuanza mwaka 2004, zilisomesha watoto na kujenga nyumba, na hilo ni jema kabisa. Lakini oda ya nje huja na kipimo na rangi zake, na anayetimiza oda hana nafasi ya kujaribu. Ndipo mikufu inapoanza kufanana kibanda hadi kibanda. Mbunifu anayejitengea kazi ya kuchezea ndiye anayegundua umbo ambalo wengine wataliuza baadaye.

Mbunifu wa mavazi Bobby Kolade naye amepita njia ya jirani. Alikulia Kampala, akafanya kazi Paris katika nyumba za mitindo za Margiela na Balenciaga, kisha akarudi. Chini ya jina la Buzigahill ananunua mitumba katika soko la Owino, anaifumua, anaishona upya, na tangu 2022 anaiuza hukohuko ng'ambo ilikotoka.

Ukifika kwenye vibanda vya kazi za mikono nyuma ya National Theatre ya Kampala, usianze na bei. Shika ushanga mmoja utazame tundu lake: tabaka ziwe zimebanana, bila mwanya. Upapase ncha ya karatasi ilipobandikwa, kucha isikwame. Vanishi iwe imepakwa mara kadhaa na kukauka kila mara, maana ya mkupuo mmoja hunata kwenye jasho. Kisha muulize muuzaji kama anao aliouviringisha kwa umbo lake mwenyewe, na ukipatikana, nunua huo.